Aliyeanguka ni Kaizari, Kiti Hakikuanguka

Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada. Nilikikuta kwa mjomba wangu hapa hapa Nguvumali, ndani ya sanduku la bati, kimelala chini ya makaratasi ya mashamba ya mkonge ya enzi zake za ukarani. Kurasa za mwanzo zilishaliwa na mchwa. Pembeni mwa mistari mwanafunzi fulani wa zamani aliandika kwa penseli: "muhimu", "mtihani". Nikamuuliza mjomba, kitabu gani hiki? Akasema, "Hicho ni cha Mwalimu. Juliasi Kaizari. Chukua, ila unirudishie, nawajua nyinyi."

Niseme kweli, ndugu msomaji. Shule niliishia kidato cha nne, na jina la Shakespeare nilikuwa nalijua kama unavyolijua jina la mtaa ambao hujawahi kuupita. Lakini nina riwaya yangu ndani ya kaunta buku mbili, na humo kuna mkubwa mmoja anayeangushwa. Nikakichukua kitabu kwa nia ya wizi mdogo tu: nione wenzetu wanamwangushaje mtu mzito, kisha niibe ufundi. Nikawa nakisoma pole pole, jioni jioni, kwenye banda la fundi baiskeli. Ufundi sikupata mwingi. Nilichopata ni swali, tena swali la historia yetu sisi wenyewe.

Kwa asiyeisoma, hadithi kwa ufupi ni hii. Roma ilikuwa jamhuri. Watu wake walikwisha mfukuza mfalme wao wa mwisho karne nyingi nyuma, na neno mfalme likawa haramu kwao. Sasa anatokea jemadari, Julius Caesar, ambaye kwa Kiswahili chetu ndiye Kaizari. Ameshinda vita, umma unampenda. Siku ya sikukuu rafiki yake Antony anamletea taji mara tatu mbele ya halaiki, naye mara tatu analisukuma. Ila wenye jicho kali wanasema kila mara alilisukuma kwa uzito zaidi, kama mtu anayekataa chakula huku njaa inamuuma. Hapo Cassius anaanza kunong'ona. Anamfuata Brutus, mtu mwadilifu anayeheshimiwa na mji mzima, maana njama isiyo na mtu mwema ndani yake haina baraka. Tarehe 15 Machi, mwaka 44 kabla ya Kristo, Kaizari akachomwa visu mbele ya Seneti.

Hapo mimi nikadhani kitabu kimekwisha. Nikahesabu kurasa, kumbe niko katikati! Shakespeare, aliyeuandika mchezo huu mnamo 1599, anamuua mwenye jina la mchezo kwenye sehemu ya tatu, na sehemu zenyewe ni tano. Nikajiuliza: huyu mzee kurasa zote hizi zilizobaki anazijaza na nini?

Anazijaza na yanayofuata baada ya kumwangusha mtu. Na mimi naamini mchezo wenyewe ndio huo. Kifo cha Kaizari ni hodi tu.

Jioni niliyofika kwenye hotuba mbili za mazishi, nikaamua kusoma kwa sauti. Alikuwepo fundi, muuza kahawa na birika lake, vijana wawili wa bodaboda waliokuwa wakisubiri pancha, na mama wa vitumbua wa jirani. Nikaanza na Brutus. Brutus anawaeleza watu kwamba marehemu alikuwa rafiki yake, ila nchi ilikuwa mbele ya urafiki. Na kama nchi itamhitaji yeye afe, kisu ni kile kile. Fundi akatua spana. "Huyo mwanamume," akasema. "Kasema kweli, kamaliza." Wote wakaafiki.

Nikafungua ukurasa nikamsoma Antony. Antony hapayuki. Anawaita wauaji waheshimiwa, halafu analirudia neno hilo mara hii na mara hii mpaka linageuka tusi. Anawaonyesha joho la marehemu lenye matundu ya visu. Anautaja wosia, kisha anakataa kuusoma mpaka wamlazimishe. Wosia unasema kila raia apewe fedha, drakma 75. Kabla sijafika mwisho, muuza kahawa akapiga kelele, "Wachomwe!" Nikamuuliza, nani? "Hao hao, Brutus wako!" Nikamgeukia fundi. Akajikuna kidevu. "Lakini bwana," akasema, "maiti ya mtu hata haijazikwa."

Tulicheka sana. Birika moja la kahawa halijaisha, na kijiwe cha Nguvumali kimekwisha fanya yale yale yaliyofanywa na umma wa Roma. Hakuna aliyetuhonga. Ni maneno tu.

Lakini usiku, peke yangu, nilirudi kwenye ukurasa mmoja niliokuwa nimeupita mbio. Brutus anapomaliza kueleza kwamba amemuua Kaizari ili pasiwe na Kaizari, mtu mmoja kwenye umati anapaza sauti kwa furaha: basi yeye Brutus ndiye awe Kaizari! Nikakifunga kitabu. Unaona, msomaji? Mtu amechafua mikono yake kwa damu ili kiti kisiwepo, na wale aliowafanyia wanamsogezea kiti kile kile akae. Brutus alimtazama mtu kwenye kiti. Kiti chenyewe hakukitazama.

Na historia ilikwenda hivyo hivyo. Vita vikazuka, Cassius na Brutus wakajiua huko Filipi mwaka 42 kabla ya Kristo, na kijana Octavius, mrithi wa Kaizari, akabaki juu mwishowe. Mwaka 27 kabla ya Kristo akapewa jina la Augustus, akawa mtawala wa peke yake. Jamhuri waliyoua mtu ili iokoke haikurudi tena. Na jina la aliyeuawa ili asiwe mfalme likawa ndilo jina la cheo cha ufalme! Warusi wakalitamka kwa namna yao wakapata tsar. Wajerumani wakalitamka kwa namna yao wakapata Kaiser.

Na Kaiser, wewe kijana wa Tanga, unamjua. Alifika kwetu.

Pangani iko kilomita 50 hivi kusini mwa hapa. Mwezi Agosti 1888, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ambayo Sultani wa Zanzibar aliikodisha pwani, ilipandisha bendera yake pale kwa ubabe. Watu wakainuka. Pangani akaongoza Abushiri bin Salim al-Harthi, na Saadani Bwana Heri. Kampuni ikashindwa kuizuia pwani, ikabidi serikali ya Berlin imlete Hermann von Wissmann na askari wa kukodi. Abushiri akakimbilia bara, akakamatwa, akarudishwa Pangani akanyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Kuanzia Januari 1891 kampuni ikawekwa kando, na pwani yote ikawa chini ya serikali ya Kaiser moja kwa moja. Mshairi wa pwani hii hii ya kaskazini, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, alivitungia vita hivyo utenzi mrefu. Kwa hiyo asitudanganye mtu kwamba habari ya kuanguka kwa wakubwa imeletwa hapa na Waingereza. Tulikuwa tunaiandika wenyewe, kwa mizani na vina.

Baadaye Kaiser naye akaanguka. Tanga ilipiganiwa Novemba 1914, na Mwingereza akaitwaa mwaka 1916. Mwezi Novemba 1918 Wilhelm wa Pili akaachia taji akakimbilia Uholanzi. Je, kiti cha Tanga kilianguka naye? Hata kidogo. Kilikwisha pata mkaaji mwingine, na bendera nyingine juu ya boma.

Sasa tumfikie mfasiri, maana hapa ndipo kitabu cha mjomba kilipoanza kunichoma mkononi.

Julius Kambarage Nyerere alibatizwa kwa jina la Julius mwaka 1943. Alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, akarudi mwaka 1952, akawa mwalimu Pugu kabla siasa haijamchukua moja kwa moja. Tafsiri yake ya mchezo huu ilitolewa na Oxford University Press mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika, nchi isiyotimiza hata miaka miwili ya uhuru. Mwaka 1969 likatoka toleo lililosahihishwa, ndilo lenye jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo ikatoka tafsiri yake nyingine ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi. Fikiria kidogo. Rais wa nchi changa, jina lake Julius, anakaa na kalamu usiku kutafuta Kiswahili kizuri cha kuuawa kwa Julius.

Wala haukuwa wakati wa mchezo. Tarehe 13 Januari 1963, Rais Sylvanus Olympio wa Togo alipigwa risasi na askari mjini Lome. Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi ya Zanzibar. Siku nane baadaye, tarehe 20, askari wa Tanganyika Rifles wakaasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Walidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Rais akafichwa. Oscar Kambona ndiye aliyekwenda kuzungumza na askari wenye bunduki. Tarehe 25 makomando wa Kiingereza wakashuka kuwanyang'anya silaha waasi, yaani Rais wa nchi huru akaokolewa na jeshi la mkoloni wa jana! Februari 1966 Nkrumah wa Ghana akapinduliwa akiwa safarini Asia. Januari 1971 Milton Obote wa Uganda akapinduliwa akiwa Singapore. Visu vilikuwa vinazunguka.

Mtu anayejua kwamba visu vinazunguka hufanya nini? Hapa naomba tusome pamoja, bila ushabiki. Usiku kabla ya mauaji, Brutus anajihojia mwenyewe. Anakiri kwamba Kaizari hajatenda kosa bado. Basi anajiambia tumhesabu kama yai la nyoka, tumuue kabla halijaanguliwa. Mara ya kwanza niliposoma, niliona ni hoja ya mpinduzi. Mara ya pili nikashtuka, maana ni hoja ya serikali pia. Mwaka 1962 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyomruhusu Rais kumfunga mtu bila kesi, si kwa alilolifanya, bali kwa anachoweza kulifanya. Ni yai lile lile. Baada ya maasi ya 1964, viongozi wa vyama vya wafanyakazi wakawekwa ndani kwa sheria hiyo. Mwaka 1965 tukawa nchi ya chama kimoja. Mwalimu mwenyewe alipata kukiri kwamba Katiba ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta.

Kuna onyesho jingine fupi, kurasa mbili hivi, ambalo yule mwanafunzi wa penseli hakuliandikia "muhimu". Antony, Octavius na Lepidus wamekaa mezani na orodha ya watu wa kufa. Huyu anamtoa ndugu yake, yule anamtoa mpwa wake, wanatia alama kwenye majina kama karani anayehakiki mahudhurio. Kisha Antony, yule yule aliyewaliza watu kwa wosia, anaagiza wosia uletwe waone namna ya kupunguza zile fedha za wananchi. Kijiweni waliposikia hilo walipiga makofi. "Ahadi za kampeni!" akasema kijana wa bodaboda. Mimi sikucheka sana, nilikuwa naifikiria ile orodha. Mwaka 1969, mwaka ule ule lilipotoka toleo lililosahihishwa, Abdallah Kassim Hanga, mmoja wa vigogo wa Mapinduzi ya Zanzibar, na Othman Shariff, aliyekuwa waziri, walitolewa bara wakakabidhiwa Zanzibar. Waliuawa huko.

Simsemi Mwalimu ili nimvunjie heshima. Nasema mkono ulioandika lile onyesho kwa Kiswahili ulikuwa mkono wa mtu anayejua meza ile inakaaje. Labda ndiyo maana Kiswahili chake pale hakina pambo lolote.

Nilipomsomea mjomba onyesho hilo, alikaa kimya kitambo. Nikamuuliza, "Mjomba, enzi zile mlikuwa mnaogopa?" Akasema, "Sisi wa chini tulikuwa na kazi zetu. Lakini jina la mtu hukulitaja taja ovyo." Akaomba maji ya kunywa, habari ikaishia hapo.

Tarehe 7 Aprili 1972 visu vikafika nyumbani kabisa. Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Muungano, akapigwa risasi Kisiwandui, makao makuu ya chama chake cha ASP. Kiti kikabaki? Kikabaki. Akakalia Aboud Jumbe, na Baraza la Mapinduzi likaendelea. Waliobadilika ni waliokamatwa, na walikuwa wengi. Abdulrahman Babu, mwanasiasa na mwandishi, alikaa kizuizini bara hadi 1978. Mmoja mwingine wa waliowekwa ndani alikuwa kijana wa kalamu, Adam Shafi. Ndiye huyu huyu aliyekuja kutupa Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli, na mwaka 2003 akatupa Haini, riwaya iliyotoka moja kwa moja kwenye vyumba vile vya gereza.

Nasi tunaojiita waandishi chipukizi, hapa tusimame kidogo. Umati wa Roma ulipokwisha washwa na Antony, hauwakuti wauaji, wamekwisha kimbia. Unamkuta njiani mtu anaitwa Cinna. Wanamuuliza jina, wanamuuliza anakokwenda, wanamuuliza ameoa au hajaoa. Anawaambia yeye si yule Cinna wa njama, yeye ni Cinna mshairi. Basi wanamuua kwa sababu mashairi yake ni mabaya! Nilipolisoma kijiweni watu walidhani ni kichekesho, na kweli limeandikwa kama kichekesho. Lakini tazama: baada ya Kaizari, wa kwanza kufa si jemadari, si mbunge, si mkuu wa njama. Ni mtu wa kalamu aliyekuwa anapita njia, mwenye jina lisilofaa kwa siku hiyo. Wakubwa wanapoangushana, anayelaliwa na ukuta mara nyingi ni mpita njia.

Je, kiti hakipunguziki kabisa? Nimelifikiria hili, na jibu langu si zuri sana, lakini ni la kweli. Mwaka 1984 Katiba yetu ilirekebishwa. Ikaingizwa Hati ya Haki za Binadamu, na urais ukawekewa kikomo cha vipindi viwili vya miaka mitano. Tarehe 5 Novemba 1985 Nyerere akaondoka Ikulu kwa miguu yake, akaapishwa Ali Hassan Mwinyi. Uenyekiti wa chama aliendelea nao hadi 1990, kwa hiyo hakuliacha lote kwa siku moja. Lakini ule urais aliuacha hai, macho wazi. Kisha Mwinyi akatoka 1995, Mkapa 2005, Kikwete 2015, kila mmoja kwa kalenda, pasipo kisu. Sidai kwamba ni kitabu kilichomfundisha Mwalimu. Mambo ya ndani ya mtu hayajui mwingine. Ila naona kwamba kile ambacho Brutus hakukifanya kwa visu, kilianza kufanyika kwa kalamu: mtu fulani alikitazama kiti, akakitia saa.

Kiti chenye saa bado ni kiti, nakubali. Saa haizuii orodha kuandikwa, wala haimlindi Cinna njiani. Umati nao ni ule ule. Niliuona kwenye banda la fundi baiskeli, na mimi mwenyewe nilikuwa ndani yake. Jioni ile nilikuwa na Brutus, kisha nikawa na Antony, na mara zote mbili nilijiona nina akili.

Jana nilimrudishia mjomba kitabu chake. Nilikifunga kwa gazeti ili kurasa zisimwagike. Akanitazama akauliza, "Umejifunza kuua watu?" Nikamwambia, "Hapana, mjomba. Kuua ni kazi ya ukurasa mmoja."

Riwaya yangu ilikuwa inaishia pale yule mkubwa anapoanguka. Watu wanashangilia, jua linachomoza, mwisho. Nimeichana ile sura ya mwisho. Sasa nimenunua kaunta buku ya tatu, na ukurasa wake wa kwanza unaanza asubuhi inayofuata. Kiti kitupu kiko katikati ya ukumbi, na watu wema wamekizunguka, kila mmoja anamwambia mwenzake akae.